Mfereji wa Eliakunda

Mlango ule uliupita. Usiniambie hukuuona. Uliruka mfereji wake, ndoo mkononi, ukageuzia uso migombani.

Jumatatu ile, saa moja asubuhi, Eliakunda hakuamka kwenda kupalilia tangawizi. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika, huku milimani juu ya Same. Watu walimuuliza amefiwa na nani. Hakufiwa na mtu. Hilo liliwaudhi. Mwinjilisti alimwambia, akiwa amesimama mlangoni, kwamba Mkristo mwenye imani hashindi kitandani, kisha akawahi darasa la kipaimara.

Wiki ya tatu maji yakaanza kutoka chini ya kitanda. Macho yake yalikuwa makavu. Maji yalikuwa safi, ya baridi, na hayakukoma.

Mzee Eliufoo, mwenyekiti wa kamati ya maji na mzee wa kanisa, aliyaonja.

"Haya yanapotea bure," alisema.

Jumamosi watu wakaitwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kila kaya ilitoa mtu na jembe, na kufika saa nane mchana mfereji ulikuwa umetoka kizingitini kwa Eliakunda hadi kwenye ndiva, lile bwawa la mawe na udongo ambalo kijiji hulifungulia kwa zamu. Viatu vyake vilikuwa njiani, vikasogezwa. Hakuna aliyeingia ndani. Jumapili walitoa shukrani kanisani. Ni hao hao waliomwagilia mahindi kwa maji kama hayo ya mama yake Eliakunda mwaka wa tisini na saba, mpaka siku walipomzika.

Aliyeingia ni Beatha, mjane wa nyumba ya chini, mwenye goti bovu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu ndani ya maji.

"Shikamoo mama," Eliakunda alisema kwa shida. "Kama umekuja kunihubiria..."

"Marahaba. Nimekuja kuloa tu."

Alikuja siku tatu, akaloa. Siku ya nne Eliakunda alisema, "Wanasema sina imani."

"Bwana Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake, mbele za watu. Bahati yake Eliufoo hakuwepo. Angemchimbia mfereji."

Eliakunda alicheka. Maji kwenye ndiva yakashuka shubiri moja. Jioni ile aliomba, na tangu aanguke kitandani hakuwa ameomba. Yalikuwa maneno mawili: "Bwana, nipo."

Alipotimiza wiki mbili za kuyasema, alikwenda ibadani, kitenge kikichuruzika, akaimba sauti yake. Ndiva ilibaki tope. Kwenye matangazo, Eliufoo aliomba usharika uombee maji.

Kesho yake kamati ikafika kwa Beatha.

"Shikamoo mama. Huduma yako tunaiheshimu," Eliufoo alisema. "Ila tangawizi inakauka. Ungemwacha kidogo, mpaka mavuno."

"Marahaba. Nimwache azame?"

"Si kuzama, mama. Apumzike."

"Basi kapumzike wewe pale kitandani, tuone utatoa debe ngapi."

Waliondoka bila kukasirika. Walikuwa na kazi ya kuzibua mfereji.

Wiki iliyofuata goti la Beatha lilivimba, akashindwa kupanda hadi kwa Eliakunda. Siku ya pili maji yakarudi chini ya kitanda. Siku ya tano ndiva ilijaa, zamu zikapangwa upya, na mwinjilisti akasema maombi yamejibiwa. Tangawizi imestawi vizuri mwaka huu.

Eliakunda bado anayasema yale maneno mawili kila asubuhi. Ukisimama mferejini utayasikia. Halafu anatega sikio, kama mtu aliyebisha hodi akasikia hatua zinakuja.

Zinazopita ni zako. Maji yamefika kwenye godoro. Mlango haukufungwa, haujawahi kufungwa. Weka hiyo ndoo chini, vua viatu, ingia ukaloe. Leo. Usisubiri mavuno.