Tarishi na Mabata Bukini

...na Persida, mama yake, yupo kwenye kochi, miguu ndani ya soksi za sufu, na Dunja, binti yake, yupo sakafuni amekunja magoti, na Zlatoje Vujkov yupo, bisibisi mkononi, ameinama juu ya kinasa sauti kama fundi saa, na yeye mwenyewe Vukosava, ambaye hakuna amwitaye hivyo isipokuwa daktari na posta, wengine wote humwita Vuka, yupo mbele ya televisheni ya zamani, kidole bado juu ya kitufe cha kompyuta kongwe alichokwisha kubonyeza, hao wanne, na Budimir Stojkov hayupo, ila kaseti ni yake, na aliyoyasema dada yake Budimir kwenye simu asubuhi, Vuka akimenya viazi, hayo baadaye, kwanza kaseti, maana kaseti inazunguka na mlio umeanza, ule mlio wa jogoo aliyekabwa shingo, na pembeni mwa skrini michirizi minene, myekundu na samawati, inatambaa, "Mama, kumbe gemu ilikuwa inaingia kwa makelele hivi?" anauliza Dunja, na Zlatoje anamkata, "Nyamaza mtoto, hapa hatukohoi," ingawa anajua, na Vuka anajua, kwamba kikohozi hakiwezi kuidhuru kaseti iliyokwisha kunaswa, ni desturi tu imebaki mwilini, tangu enzi walizokuwa wakinasa michezo ya kompyuta kutoka redioni, mchezo mzima ukiwa ndani ya huo mlio, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mtangazaji akisema haya vijana, tayarisheni vinasa sauti, kisha mlio huuhuu ukamwagika hewani, na Zrenjanin nzima, kila nyumba yenye mtoto wa makamo yao, ikakaa kimya kusikiliza kelele kwa heshima ya kanisani, mabibi wakipiga ishara ya msalaba, wakiuliza redio imeingiliwa na nini... "Na bado mnanilaumu kwa ile mashine ya keki," anasema Persida, ghafla, hajaulizwa na mtu, "Hatukulaumu, Mama," "Mnanilaumu, nawajua, na keki mlikula mkalamba na sahani," na Zlatoje anacheka bila kuinua macho, keki ya jozi, ndiyo, waliila, walikula wakilia, kwa sababu mchezo uliorushwa siku ile haukuwa wa mtu mwingine, ulikuwa wao, Vuka alichora mabata bukini, Budimir akamtengeneza tarishi na baiskeli yake, kompyuta ilikuwa ya Zlatoje, ile ambayo baba yake aliivusha mpakani kutoka Ujerumani ndani ya gurudumu la akiba, tarishi apite barabarani na barua zake bila kudonolewa, basi, mchezo mzima ni huo, na redio iliukubali, na wao, werevu wa miaka kumi na mitatu, kwa kuwa kaseti nzuri zilikuwa adimu, wakaifuta nakala pekee iliyobaki nyumbani ili wapate kaseti safi ya kunasia mchezo wao wenyewe, redio si itawarudishia, na mlio ulipofika katikati Persida, kwa furaha ya mama, akawasha mashine ya kukorogea mayai jikoni, redio ikakwaruza, tarishi akafia hapo, na kaseti waliyoipeleka redioni haikurudi kamwe... na Jumatatu shuleni Budimir naye akasema, "Yangu pia imeharibika," masikio mekundu kama pilipili, hakueleza zaidi, wala hakueleza mwaka uliofuata, wala alipohamia Subotica, mpaka majira haya ya kuchipua, kitandani hospitalini, sauti nyembamba kwenye simu, "Vuka, mimi sikuwa na waya wa kuunganisha redio na kinasa, niliweka kipaza sauti mbele ya redio, wakataja majina yetu nikavumilia, mlio ukaanza nikavumilia, halafu nikashindwa, nikapiga kelele, nikaona aibu hata kuijaribu," na wiki hiyohiyo akaituma kaseti, juu yake maandishi ya kitoto, Mbovu... shikilia, shikilia, mlio unayumba, "Zlatoje, kichwa cha kinasa," "Naona, bibi mkubwa, usinifundishe," bisibisi inageuka kidogo, kidogo tu, mlio unanyooka, na Vuka anagundua kwamba hakuhitaji kutazama skrini, sikio lake limejua, sikio lililolelewa na mlio huu, lile lile watu waliloliambia litaziba, kama macho yalivyoambiwa yatatoka, na mgongo utapinda, na mume hatapatikana, naye mume akapatikana, akaondoka pia, akisema chagua, mimi au hicho kidude, na Vuka hata hakuona hilo kuwa swali, na ofisini kwenye mamlaka ya maji vijana wakamwona anacheza saa ya mapumziko wakanong'ona, "Mama mzima, nywele nyeupe, anaua mazimwi," "Tena nayaua vizuri kuliko wewe, mwanangu, lete mikono hiyo," na mwaka wa mabomu, kule chini kwenye ghala la jengo, kile kimchezo cha mkononi kikizunguka kwa zamu, watoto wa majirani wakisahau kuogopa hadi betri zikaisha, na Dunja mchanga akinyonya upande wa kushoto huku mkono wa kulia ukivuka daraja la moto, na jioni zote hizo za karibuni, yeye hapa, Budimir Subotica, wakicheza pamoja mtandaoni, visikilizio masikioni, Budimir daima wa kwanza kuanguka, "Nifufue, Vuka, nipo nyuma ya ghala," "Umeenda kutafuta nini huko nyuma ya ghala, punda wewe?" "Niliona kitu kinang'aa," naye anarudi, anamfufua, kila mara alirudi... "Mama, tazama!" jina limetokea, herufi nyeupe, GUSKE, mabata bukini, na chini yake V na B, michirizi inasimama, kimya, lile pengo fupi kati ya kipande kilichoingia na kipande kinachofuata, na ndani ya pengo, wazi kabisa, sauti ya mvulana ambayo bado haijawa nzito, "Ni wetu! Vuka, ni wetu!" na papo hapo mlio unaanza upya, michirizi myembamba sasa, bluu na njano, haikwami, haikatiki, inashuka kama mvua iliyokusudia, na Zlatoje ameinuka, bisibisi juu kama upanga, "Mpumbavu! Kapiga kelele penye pengo! Penye pengo, Vuka, hakuharibu hata nukta moja! Maisha mazima ya aibu ya bure! Aje Pasaka, nitamla mbichi," na Dunja anapiga makofi, na Persida anauliza, "Huyo si mtoto wa Stojkov? Mbona hajaja, nimepika supu," na wote bado wanacheka, hata Vuka, anacheka machozi yakimtoka, wameshinda, mabata yake yapo humo ndani ya mlio, kila moja, na tarishi yupo juu ya baiskeli, haikuwa mbovu, haikuwa mbovu hata siku moja, na mchezo ule wa redioni ulikuwa wao na ni wao, na kidole chake bado kipo juu ya kitufe, na kaseti bado inazunguka, imebaki nusu, na atamwacha Zlatoje acheke mpaka iishe, kisha atawaambia, anaweza sasa, maneno ya simu ya asubuhi, aliyoyaacha pamoja na maganda ya viazi, ni machache na yanatamkika. Budimir Stojkov alifariki leo alfajiri, hospitalini Subotica.