Chupa ya Breki

Trei la maji lilikuwa limeshika ute. Mama Sahani alilivuta taratibu kutoka chini ya kabati la joto la kukuzia seli, akapumua kwa mdomo, lakini harufu ikamfuata hukohuko mpaka kooni. Ilikuwa harufu ya kitambaa cha jikoni kilichosahaulika ndani ya ndoo, na chini yake kulikuwa na utamutamu fulani. Alitumbukiza mkono wenye glavu. Ute ukaning'inia vidoleni kama kamasi, ukakataa kudondoka.

"Wifi, nitolee hicho kitu," alisema dada wa mumewe bila kuinua jicho kwenye hadubini. "Mwenzio nina furaha leo, usinitapishe."

"Zamu ya kuliosha ilikuwa ya nani?"

"Nikiosha mimi, wewe unarudia. Sasa nijichoshe kwa nini?"

Mama Sahani alikuwa fundi wa maabara hii mwaka wa kumi na moja, na hakuna chuo kilichomfundisha. Alianza kwa kuosha vyombo, akasoma maandishi ya kwenye chupa, kisha vitabu vilivyoachwa na wanafunzi, mpaka walimu wenyewe wakawa wanakuja kumwuliza. Jina la Mama Sahani lilitokana na visahani vya plastiki alivyovilea. Ndani ya kila kimoja, chini ya maji ya rangi ya waridi, zilikaa seli changa za msuli.

Seli hizo hazijui la kufanya mpaka ziambiwe. Protini huja kutoka nje, hubisha hodi kwenye ngozi ya seli, mlinzi wa mlangoni akaipokea habari na kuipitisha ndani, mkono kwa mkono, mpaka kwenye kiini. Habari ikiwa ya kuungana, seli huacha kuzaana, hujipanga bega kwa bega, zikashikana na kuwa nyuzi ndefu. Huo ndio msuli. Ikiwa ni ya kuzuia, hubaki vilevile, kila moja na lake. Majina ya protini zenyewe yanavunja ulimi, kwa hiyo hapa ya kwanza waliiita Njooni, ya pili Breki.

"Hebu njoo uone," wifi alisema, sasa akiwa amesimama. "Za Breki zimeungana! Nyuzi kama kamba za viatu. Za Njooni zimelala fofofo. Watu wote wanasema kinyume, wifi! Kesho saa nne ripoti iko mezani kwa msimamizi, na mwaka huu namaliza shahada. Ufadhili wa mwaka wa nne hawanipi, wamesema."

Mama Sahani aliliacha trei nusu limesuguliwa, akavua glavu, akanawa mara mbili, akainamia hadubini. Ni kweli. Nyuzi zilikuwa nzuri mno, moja ilikuwa hata ikitikisika yenyewe. Hakufurahi. Alikwenda kwenye friza, akatoa chupa ya Breki.

Iliteleza.

Aliigeuza kwenye mwanga. Juu ya kifuniko kulikuwa na alama ya kidole, nyeupe, ya mafuta yaliyoganda. Na neno "Breki" liliandikwa kwa herufi ndogo, k yenye mkia. Yeye huandika kwa herufi kubwa, siku zote. Aliinusa chupa, akajuta. Kuku wa kukaanga.

Akaingiza mkono nyuma ya boksi la protini. Karatasi ya fedha. Ndani yake paja lililotafunwa nusu, ngozi yake imekunjamana kama soksi, alama za meno zikionekana waziwazi, limekaa wiki sijui ngapi ubavuni mwa chupa za seli. Alilishika kwa ncha mbili za vidole, akalipeleka mpaka mezani kwa wifi yake.

"Hili ni lako?"

"Ah! Friza ya chumba cha chai ilikuwa imejaa."

"Ukala, ukashika chupa."

"Nilizifuta, wifi! Zote mbili, kwa spiriti. Mimi si mchafu hivyo."

"Spiriti inafuta na wino."

Wifi alikaa chini.

"Nikaandika upya," alisema polepole. "Njooni hukaa kulia, Breki kushoto. Nani asiyejua? Hata ukiniamsha usingizini."

Mama Sahani alikumbuka jambo. Jumatatu moja mwezi uliopita aliyeyusha barafu ya friza na kuipangusa. Je, boksi alilirudisha vilevile, au kulia kukawa kushoto? Hakujali wakati ule, maana maandishi yalikuwa bado kwenye chupa. Kichefuchefu kilichokuwa kimeelekea upande mmoja sasa kikamgeukia na yeye.

"Huenda nililigeuza mimi," alisema.

"Huenda. Basi huenda pia hukuligeuza." Wifi alimshika mkono. "Tuiache hivyohivyo. Kuna picha, kuna nyuzi. Nani atauliza habari za kuku?"

Mkono ule ulikuwa na joto, nao ulikuwa umemsaidia kupika na kuuguza ndani ya familia. Mama Sahani aliutoa juu ya wake, akajipangusa kwenye koti bila kukusudia. Wote wawili waliliona hilo.

"Usinifute kama trei," wifi alinong'ona.

"Itoe picha kwenye ripoti. Mwandikie msimamizi leo kwamba chupa zilichanganyika. Kama kosa ni langu, andika na jina langu."

Wifi aligeukia skrini. Machozi yalimtoka, akayaacha. Kisha akaifuta picha, akaanza kuandika, akitamka kila neno kama anayemeza dawa.

Mama Sahani alichukua sindano, akakwaruza vifuniko vya zile chupa mbili: SIJUI 1, SIJUI 2. Pembeni akaweka chupa ya Njooni iliyokuwa bado na muhuri wa kiwandani, iwe shahidi. Akapanda seli mpya kwenye visahani kumi na viwili. Zinahitaji usiku mzima kushika chini kabla ya kuambiwa lolote.

"Nimetuma," wifi alisema. "Sasa?"

"Sasa hilo trei. Nusu bado."

Wifi alivaa glavu, akatazama ute, akageuza uso.

"Nitatapika."

"Tapika nje, urudi."

Kengele ya kufunga jengo ililia trei likiwa bado na utando kwenye pembe mbili. Waliliacha limelowekwa kwenye dawa.