Zamu ya Mastura Kuchagua Ukumbi

Mwaka huu zamu ya kuchagua pahala ilimwangukia Mastura, na tangu hapo hakupata kutulia. Jamaa zao hukutana kila baada ya Idi Kubwa, watu ishirini na saba, wakubwa kwa wadogo, wakacheza boling, wakala, wakarudi makwao. Miaka yote mchaguaji alikuwa kaka yake, Badr, maana hapana aliyempita kwa kurusha tufe. Akiliachia, pini zote kumi chini. Lakini miezi minane nyuma Badr alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburura, na hakutoka tena nyumbani kwake Darsait ila kwenda hospitali.

Jumatatu alasiri Mastura alitoka kazini akaanza kuzunguka. Ukumbi wa kwanza ulikuwa mzuri, lakini kuufikia ni ngazi tisa, na lifti imebandikwa karatasi kuwa ni mbovu. Alizihesabu zile ngazi mara mbili, kana kwamba zingepungua. Wa pili ulikuwa ndani ya jumba la maduka, sakafu sawasawa, ila muziki wake mtu hasikii hata akiitwa jina, na Badr siku hizi makelele humtia kizunguzungu. Wa tatu ulifaa kwa kila kitu: kimya, mlango mpana, choo karibu. Msimamizi, mwanamke mcheshi aitwaye Nasriya, akamwonyesha hata kile chuma cha mteremko anachowekewa asiyeweza kurusha, akalisukuma tufe tu.

"Watoto wanakipenda sana," alisema Nasriya.

Neno lile likamchoma. Mastura alishukuru, akaingia garini, akawasha, akazima, akawasha tena. Akafika njia ya kwenda kwao, akaipita. Magharibi haijaingia alikuwa keshawaandikia jamaa kwenye wasap: mwaka huu hapana boling, tutakwenda Bustan, tukae ufukweni, kila mtu na chakula chake.

Hata hajaiweka chini, simu ikalia. Badr. Maneno yake tangu maradhi hutoka polepole, lakini hasira zilikuwa nzima.

"Nani alokwambia sitaki boling?"

"Hapana, kaka, nimeona hili joto..."

"Joto, nawe unatupeleka pwani?"

Mastura akaihamishia simu sikio la pili.

"Nnakuuliza, Mastura. Miye n'shakufa?"

"Mungu apishe mbali!"

"Basi khalas. Tafuta ukumbi."

Ijumaa baada ya sala ya alasiri wakakusanyika wote kwa Nasriya. Mastura hakukaa. Alitafuta viatu vya huyu, akamletea yule maji, akaenda chooni bila haja. Ilipofika zamu ya Badr, Nasriya alikisogeza kile chuma. Badr akamtazama mara moja tu, kikarudishwa. Akachukua tufe jepesi kuliko yote kwa mkono wa kushoto, akajiburura mpaka kwenye mstari, akaliachia. Likaingia kwenye mfereji wa pembeni kabla halijafika nusu ya njia.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. "Mashallah, ami! Mashallah!"

La pili nalo likaingia mferejini, na makofi yakazidi. Badr akageuka, amekaza uso.

"N'rejeshe nyumbani," akamwambia dada yake.

Taa nyekundu iliwasimamisha Wadi Kabir, penye magereji.

"Wananipigia makofi kama mtoto anayesimama dede," alisema Badr. "Zamani ningelitupa vile, wangenicheka mpaka wakakaa chini."

"Na mimi nilipiga," alisema Mastura.

"Nlikuona."

Taa ikawa kijani, gari za nyuma zikapiga honi, Mastura hakuzisikia.

"Ukumbi ulichagua vizuri," Badr aliendelea. "Saa ndiyo hukuchagua. Siku ya kazi, asubuhi, pale huwa pana nani?"

"Hapana mtu."

"Haya."

Jumapili, ambayo kwao kule ni siku ya kazi, Mastura aliomba ruhusa, na saa nne za asubuhi wakawa wao wawili tu pale ukumbini, na Nasriya kwenye meza yake. La kwanza mferejini. La pili mferejini. Mastura alisimama, akakaa, akasimama, akaikalia mikono yake. La tatu, la nne, la tano. Badr jasho linamtoka. La sita lilipopinda likaufuata mfereji kama limeitwa, ulimi ukamponyoka Mastura:

"Ee, kaka! Hata marehemu bibi angekushinda!"

Alijiziba mdomo. Badr alisimama, amempa mgongo. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kicheko ambacho Mastura hakukisikia kwa miezi minane, mpaka akalazimika kushika kiti.

"Bibi alikuwa na mkono mzuri," alisema alipopata pumzi. "Nipe tufe."

La saba likaenda mferejini. La nane likaigusa pini ya ukingoni. Ikayumba, ikayumba, ikasimama pale pale.

"Imeanguka!" alisema Badr.

"Haijaanguka."

"Imeanguka, mashine ndiyo imeisimamisha. Nasriya! Njoo uamue."

Nasriya akaja, akaitazama pini, akawatazama ndugu wawili wanavyobishana, akasema kwa alivyoona yeye imesimama. Badr alimwambia miwani yake inataka kubadilishwa, kisha akamwomba awaongezee saa moja.