Kikohozi cha Nélida Cuitiño

Tarehe mbili Novemba, siku ambayo mji mzima wa Paysandú huenda makaburini na mashada ya maua, Hercilia Etchegaray hakwenda. Alibaki klabuni akitandika vitambaa vya kijani juu ya meza na kupanga skonzi kwenye sinia. Marehemu aliokuwa na haja nao wangekuja wenyewe jioni, kama kawaida, kucheza briji, ule mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili.

Walianza kuja mwaka ule walio hai walipopungua hata meza zikawa hazitimii. Mwenyekiti wa klabu, Wáshington Berrutti, mwenye duka la miwani, alisoma majina ya wanachama waliotangulia, akaomba dakika moja ya kimya, na kimya kilipokwisha viti vitupu vilikuwa na watu. Hakuna aliyepiga kelele. Wáshington aliangalia ukumbi, akaona meza zimetimia, akasema, "Afadhali. Haya, gaweni karata." Tangu hapo Mashindano ya Kuwakumbuka Marehemu hayajawahi kuahirishwa. Marehemu ni wachezaji wazuri. Hawachelewi, hawagusi skonzi, hawana simu. Sharti lao ni moja tu: anayesomwa jina huingia, asiyesomwa haingii.

Nélida Cuitiño hakuwahi kusomwa.

Alikuja hata hivyo. Kila mwaka alisimama barazani, nyuma ya dirisha kubwa la kioo, na sweta yake ya kijivu na mkoba wake mkononi, akitazama mchezo. Na alikohoa. Kikohozi kile alikipata ujanani, kwenye kiwanda cha kuosha sufu, na kilikuwa kifuani mwake kabla hajajua hata kuchanga karata. Hercilia ndiye aliyemfundisha briji na kumleta klabuni. Walicheza pamoja miaka mingi, wameketi wakikabiliana kama wacheza briji wote wanavyoketi na wenzi wao, kila mmoja akikisia karata za mwenzake bila kuziona wala kuambiwa. Mwaka walioshinda kombe, Don Evaristo Garmendia, ambaye kombe lile lilikuwa limezoea kukaa kabatini kwake, alisimama akasema kwamba kikohozi cha Nélida ni ishara ya siri ya kumjulisha mwenza karata zake. Mara moja ni kopa, mara mbili ni shupaza. Hercilia aliapa kwamba si kweli, akashukuriwa kwa uaminifu wake, kisha akaambiwa kwamba ushahidi wa mwenza hauhesabiki. Nélida akafukuzwa, jina lake likafutwa kwenye orodha ya wanachama.

"Kwa kikohozi hiki," Nélida alisema siku ile akiuchukua mkoba wake, "ningekuwa na kopa nyingi kuliko zilizomo kwenye pakiti."

Hercilia alitaka kutoka naye. Nélida akamkataza. "Kaa, shoga. Ukiondoka na wewe, watasema kumbe ilikuwa kweli."

Basi akakaa. Na jioni hii, kabla wengine hawajafika, alikwenda barazani.

"Mwaka jana ulitoa mfalme mapema," Nélida alimwambia badala ya salamu. "Niliona kupitia kioo nikatamani kufa tena."

"Mwenza wangu hanisaidii."

"Perla? Yule ni daktari wa meno. Anang'oa, hachezi."

Walicheka, kisha Hercilia akamwambia. Daktari wa moyo alikuwa amemshauri asihangaike kununua koti la baridi ijayo. Nélida hakusema pole, kwa kuwa kwa upande wake haikuwa habari mbaya.

"Tatizo ni kwamba mimi watanisoma," Hercilia alisema.

Hilo lilikuwa wazi kwa wote wawili. Babake Hercilia alikuwa jaji, na picha yake ilining'inia juu ya meza ya kwanza. Hercilia angesomwa, angeingia, na aliyeingia hatoki ukumbini mpaka mchezo uishe. Na mchezo ukiisha, marehemu hutoweka kila mmoja peke yake. Kioo kile kingekaa kati yao milele.

"Leo nitawalazimisha wakusome," alisema Hercilia.

"Nenda. Na tafadhali mfalme wako mshikilie."

Majina yakasomwa, kimya kikapita, marehemu wakaketi. Don Evaristo, aliyekuwa na miaka mitatu kaburini, aliangukia meza ya Hercilia na Perla. Hercilia hakungoja karata zigawiwe.

"Don Evaristo. Kile kikohozi kilikuwa ishara?"

"Ishara gani, Doña Hercilia? Mwanamke alikuwa na kifua. Nilitunga." Alisema kwa sauti ya kawaida, ila marehemu hawawezi kunong'ona, na ukumbi wote ukasikia. "Mtu wa kiwanda cha sufu ananichapa mbele ya mke wangu! Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Kwenye meza ya pili mtu aliomba sukari. Wáshington akaja na kitabu cha kanuni, ukurasa umeshafunguliwa.

"Pingamizi hupokewa hadi nusu saa baada ya matokeo kubandikwa," alisema kwa upole. "Na nusu saa hiyo ilikwisha."

"Ilikwisha lini?"

"Jioni ile ile, Doña."

"Wáshington, mtu amekiri! Umesikia kwa masikio yako!"

"Amekiri vizuri sana, hata mimi nimeguswa. Lakini amekiri nje ya muda."

Hercilia akamgeukia Don Evaristo. "Basi mwambie wewe. Mwambie alisome jina la Nélida."

Don Evaristo alishangaa kidogo. "Nimesema nilidanganya," akamjibu. "Sikusema nataka kucheza naye."

Karata zikagawiwa, Hercilia akazitazama zake. Mkononi alikuwa na kopa tupu. Ikiwa Nélida hawezi kuingia, ilibaki njia moja: yeye mwenyewe afukuzwe, asisomwe, wakae wote wawili nje. Akamkazia macho Perla, akakohoa mara moja, kwa nguvu. Perla, ambaye hakuwahi kukisia chochote maishani mwake, akatangaza kopa kuwa turufu. Walishinda mchezo ule. Uliofuata Hercilia akakohoa mara mbili, Perla akatangaza shupaza, wakashinda tena. Nje ya dirisha Nélida alikuwa ameweka mkono mdomoni akitikisa kichwa. Kila meza waliyohamia Hercilia alikohoa, na kila meza ilimwambia pole. Mmoja alimletea asali na limau. Marehemu mmoja alimvulia shali yake.

Mwishoni Wáshington alitangaza washindi wa kombe: Doña Hercilia na Doña Perla. Watu wakapiga makofi. Hercilia akasimama.

"Nimewaibia. Nilikuwa nampa ishara kwa kikohozi. Mara moja kopa, mara mbili shupaza. Nifukuzeni."

"Alaa!" Perla aliitikia. "Mimi nilidhani nimeanza kuujua mchezo."

Wáshington alimshika Hercilia mkono akamketisha. "Umechoka, Doña. Hicho ni kifua tu."

"Nakwambia nimedanganya!"

"Binti wa jaji hadanganyi," alisema Don Evaristo, ambaye alikuwa wa pili safari hii na hakuonyesha kinyongo chochote.

Walimpa kombe, na mmoja wao akampeleka nyumbani kwa gari ili asipigwe na upepo.

Hercilia alifariki mwezi Juni, baridi ilipokolea, bila koti. Novemba jina lake lilisomwa la kwanza, kwa sauti nzuri, na wanawake wawili wakafuta machozi. Kimya kilipokwisha alikuwa ameketi kitini, nywele zimechanwa. Mkabala naye, kwenye nafasi ya mwenza, aliketi Don Evaristo. Wáshington aliwapanga pamoja kwa kuwa wote wawili walikuwa wachezaji wa kiwango.

Hercilia aligeuza shingo kuangalia dirisha. Nélida alikuwa pale. Aligonga kioo kwa kidole, taratibu, kisha kikohozi kikamshika, kirefu, hadi ikabidi aegemee ukuta.

"Kinasumbua wachezaji," mtu alilalamika.

Wáshington akaenda dirishani akalivuta pazia. Lilikuwa pazia jipya, zito, la rangi ya divai. Wanachama walikuwa wamelitoa kwa kumbukumbu ya Doña Hercilia Etchegaray, na jina lake lilitariziwa kwenye pindo kwa uzi wa dhahabu.

"Limependeza," alisema Don Evaristo. "Zamu yako, Doña."