Siku Staringi Alipokula Samaki

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, ukoo ulikuwa na jambo moja tu zito la kuamua: nani aende Butiama kuchunga ndama na mbuzi wa Bibi Boke. Mchungaji wake alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kwao kuoa, na mtu anayeoa haharakishwi. Bibi alipiga simu Bunda akasema anataka mjukuu mmoja, mzima, mwenye miguu miwili, wa kukaa naye likizo yote. Jumapili baada ya misa angekuja kumchukua mwenyewe, ili asipelekewe visingizio.

Wajukuu wenye sifa hizo pale Nyasura, mtaani Bunda, walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Hilda wa kidato cha tatu, aliyerudi kutoka shule ya bweni ya wasichana Musoma akiwa na sanduku, godoro na onyo kuhusu kengele ya chakula iliyolia siku moja wakati chakula hakijaiva. Wa pili alikuwa Mniko, mtoto wa baba yake mdogo Bernado. Alimzidi Hilda miezi michache, na kwa miezi hiyo alidai aitwe kaka.

Hakuna aliyewachukia ndama. Tatizo lilikuwa banda. Baba mdogo Bernado alikuwa na banda la video nyuma ya nyumba, la mabati, lenye mabenchi, televisheni kubwa na spika mbili zilizosikika hadi barabarani. Likizo hiyo banda lilikuwa linamalizia sizoni, tamthilia ndefu ya Kichina ya mapanga, na baada yake kulikuwa na nyingine mbili zinasubiri zamu. Tena Dorah, rafiki wa Hilda wa bwenini, alikuwa ameahidi kuja kutoka kwao Makoko, Musoma, kuziangalia naye. Butiama kulikuwa na redio, na redio yenyewe ilikuwa chini ya utawala wa Bibi.

Staringi wa sizoni hiyo, yaani shujaa wake, alijifunga mkanda mweupe kiunoni. Jina lake halisi halikukaa katika mdomo wa mtu yeyote wa Nyasura, kwa hiyo banda lilimbatiza Mkanda. Alikuwa kijana mzuri wa sura kupita kiasi. Hata alipolala kwenye tope siku nzima aliamka nywele zimechanwa. Adui yake alikuwa mzee mwenye nyusi zilizoshuka mpaka mashavuni, naye akaitwa Nyusi.

Huyu Nyusi alilitesa sana banda. Mwigizaji huyohuyo, wakati wa Kwaresima, alikuwa staringi wa filamu nyingine na aliokoa kijiji kizima. Banda halikuwa na mazoea ya kutenganisha mtu na sura yake. Mama Werema wa maandazi, ambaye wakati ule alimpenda kama shemeji, alikaa sasa akimtazama kwa uchungu.

"Hela imemharibu," alisema kila Nyusi alipotokea. "Alikuwaga mtu mzuri, huyu."

Aliyeyaeleza yote hayo alikuwa mtafsiri wa banda, Baltazar. Alikaa kando ya televisheni na maiki, akasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Aliyoyajua aliyatafsiri. Asiyoyajua aliyajaza na habari za Bunda. Ndiyo maana wakuu wa mapanga, juu ya milima ya theluji, waligombana kuhusu bei ya pamba, na Nyusi aliwahi kumtishia Mkanda kwamba atamnyang'anya bodaboda. Hakuna mtazamaji aliyelalamika.

Jumatatu jioni Hilda alimkuta Mniko akipanga mabenchi.

"Mniko."

"Kaka Mniko."

"Kaka Mniko, tusimsumbue Bibi kuchagua. Tuweke dau. Mkanda akifa mwisho wa sizoni, wewe unaenda Butiama. Asipokufa, naenda mimi."

Mniko aliacha benchi likaanguka. Alimtazama dada yake jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa. Kila aliyewahi kukaa katika banda la video, kuanzia Musoma hadi Bunda, anajua sheria moja, hata kama hajui nyingine: staringi hafi. Anachomwa upanga, anazama, anakunywa sumu, lakini hafi.

"Hilda, umekulaga nini leo? Staringi afe?"

"Unaogopa?"

"Naogopa kukuonea. Baltazar! Njoo ushuhudie huyu anajipeleka Butiama mwenyewe."

Baltazar alikuja, akawashikisha mikono, akatamka maneno machache ya kisheria aliyoyabuni papo hapo.

Kitu ambacho Hilda hakukisema ni kwamba alikuwa amesoma kitabu. Sizoni ilitolewa kwenye riwaya ya Kichina, na Dorah aliipata tafsiri yake ya Kiingereza mtandaoni, akaichapisha kwenye duka moja la Mwisenge, palepale Musoma, akaibana ndani ya jalada la Biolojia. Muhula mzima wasichana wa bweni lao walisoma Biolojia kwa bidii ambayo matron hakuwahi kuiona, na wengine walitoka kwenye kusoma Biolojia wakilia. Walilia kwa sababu katika ukurasa wa mwisho Mkanda na adui yake wanapigana juu ya daraja la kamba, daraja linakatika, wote wawili wanatumbukia bondeni, na theluji inawafunika. Basi. Kitabu kimeisha.

Dhamiri ya Hilda ilisimama, ikatazama huku na huku, ikakaa tena.

Jambo moja tu lilimkera. Katika kitabu, Mkanda alikuwa na makovu ya ndui uso mzima, na watoto wa njiani walimkimbia. Dorah alipoiona picha ya yule mwigizaji alisema, "Mh. Hawa watu wa filamu hawaui sura kama hii, nakwambia." Hilda alimjibu kwamba mwandishi ni mwandishi.

Jumapili ilifika, na Bibi Boke akafika nayo, moja kwa moja kutoka kanisani, mwembamba, kitenge kipya, fimbo mkononi ambayo hakuihitaji kwa kutembea. Aliambiwa kuhusu dau. Hakukasirika. Aliketi benchi la mbele, akaweka mkoba mapajani, akasema, "Basi hiyo sinema imalizeni upesi. Nina safari na mtu."

Hapo Baltazar akaja mbio nyuma ya banda kumtafuta Hilda, jasho likimtoka.

"Mdogo wangu, nisaidie. Kipande cha mwisho hakina Kiingereza. Kina Kichina kitupu, kama vijiti vimemwagwa chini. Dorah wako aliniambiaga kwa simu kwamba mmekisoma kitabu."

"Alikuambia?"

"Alinitumia salamu, ikatoka na hiyo. Mniko sijamwambia. Shika maiki wewe, mimi nitakohoa, niseme sauti imekauka."

Kwa namna hiyo Hilda, mwenye dau, alikabidhiwa maiki ya banda zima siku ambayo dau lake lilikuwa linaamuliwa. Waamuzi wa mpira wamewahi kupigwa mawe kwa mambo madogo kuliko hilo.

Alianza vizuri mno. Hakutia bei ya pamba. Alipomsemea Mkanda aliteremsha sauti, na Nyusi alimsemea kwa sauti ya matron wao, ikamkaa sawasawa. Watu walisahau maandazi mikononi. Walipofika kwenye daraja la kamba, upepo ukivuma na kamba zikilia, alisema polepole, karibu neno kwa neno kama alivyokumbuka:

"Mzee, mimi na wewe tumeua watu wengi. Mmoja wetu akivuka daraja hili, vita vitavuka naye. Tusivuke."

Upanga ukakata kamba. Wakaenda chini wote wawili, mkanda mweupe ukipepea nyuma yao, mpaka bonde likawameza. Theluji ikashuka.

"Na hivyo," Hilda alisema, "ndivyo alivyokufa Mkanda."

Mama Werema alijifunika uso kwa khanga. Mwanaume mmoja wa gereji alivua kofia. Kwenye benchi la nyuma Mniko alikuwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti, na ilikuwa wazi kwamba anawaona ndama mmoja mmoja.

Hilda angeweza kuishia hapo. Lakini mtu aliyewahi kugonga kengele ya chakula bila chakula hajui kuishia. "Naomba," alisema kwenye maiki, "tusimame kidogo kumkumbuka marehemu."

Wakasimama. Wote. Hata baba mdogo Bernado mlangoni alisimama, ingawa tayari alikuwa amesimama, alijinyoosha zaidi.

Wakiwa wamesimama hivyo, theluji ikaisha kwenye televisheni, jua likatoka, muziki ukabadilika ukawa wa zumari. Kukaonekana mto. Kukaonekana mtumbwi na wavuvi wawili wazee wanachoma samaki ufukweni. Na pembeni ya moto, amefungwa bandeji kichwani, nywele zimechanwa, alikuwa amekaa Mkanda.

Hilda alimtazama. Dorah alikuwa amesema kweli: watu wa filamu walikuwa wameitazama ile sura, wakamfukuza mwandishi.

"Hee!" sauti ilitoka nyuma. Ilikuwa ya Mniko, na ilikuwa imefufuka kabla ya kichwa chake kunyanyuka. "Si yule pale?"

"Kaeni," Hilda alisema haraka. "Kaeni chini. Huyu mnayemwona ni mzimu wake."

Minong'ono.

"Mzimu wake umekuja kuwaaga wavuvi, waliomlea utotoni. Wao hawajui kwamba amekufa. Ni sehemu ya kuhuzunisha sana."

"Mbona ana bandeji?" Mniko aliuliza. "Mzimu unaumwa?"

"Mzimu hubaki na alama za kifo chake. Nenda kasome."

Wengine walianza kukubali. Mama Werema alilia upya, maana kuaga ni kugumu kuliko kufa. Hilda aliona Butiama ikirudi taratibu upande wa Mniko, na ingefika, kama mmoja wa wale wavuvi asingechomoa samaki kwenye kijiti, akaupa mzimu.

Mzimu ukamla. Ulimshika mkia kwa vidole, ukang'ata ubavu, ukatafuna kwa njaa ya mtu aliyeanguka kutoka mlimani. Ukatema mwiba.

Bibi Boke alinyoosha fimbo. Haikuwa juu sana, lakini banda lote liliiona.

"Mwanangu wa maiki, simama hapo hapo."

"Ndiyo, Bibi."

"Huyo ni mzimu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Anakula samaki."

"Ni, ni samaki wa kimzimu, Bibi."

"Na mwiba alioutema ni wa nini? Wa kimzimu?" Bibi aligeuka kuwatazama watu, kama anavyogeuka mwenyekiti wa jumuiya. "Nyinyi mnakwendaga kanisani kufanya nini? Padri anatuhubiri kila Pasaka. Aliyefufuka aliwatokea wenzake, wakadhani ni mzimu. Akawaambia nini? Leteni chakula. Wakampa samaki. Akala mbele ya macho yao, ili waache ujinga. Mzimu hauli samaki! Huyo mtoto ni mzima, na njaa inamuuma, na mnamlilia badala ya kumwongezea!"

Hapo banda lilipasuka. Mabati yalipigwa ngumi. "Staringi hafi!" walipaza sauti vijana wa nyuma. Mama Werema alikuwa anacheka na khanga imelowa, akimwambia kila aliyemkaribia, "Nilijua, mimi nilijua, yule hafi." Mtu wa gereji alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Mniko alibebwa mabegani, ingawa hakuna aliyeweza kueleza yeye amefanya nini.

Baltazar alisahau kwamba sauti imekauka. "Pole, mdogo wangu," alisema kwa sauti nene kabisa, akichukua maiki.

Hilda alijaribu mara ya mwisho. "Lakini kwenye kitabu alikufa! Nimesoma mwenyewe! Dorah shahidi!"

Kelele zilikatika ghafla upande wa Mniko.

"Kitabu gani?" aliuliza kutoka juu ya mabega.

Hilda aliona kwamba sentensi hiyo haikumsaidia.

"Kumbe ulikuwa unajua mwisho wake?" Mniko alisema. "Ulikuwa unajua, ukaniwekea dau? Baba, umemsikia?"

"Nimemsikia," alisema baba mdogo Bernado. "Na ameshindwa hata hivyo. Mwacheni, adhabu imeshamtangulia. Hilda, kachukue sanduku."

Jua lilikuwa bado juu waliposhuka kwenye basi Butiama, Bibi mbele na mkoba wake, Hilda nyuma na sanduku kichwani. Walikwenda njia ya katikati ya mashamba ya mihogo, mpaka walipowaona ndama wamefungwa nje ya boma, wakimtazama mgeni wao bila shauku.

"Kwanza, kama ungeshinda ningekuchukua wewe vilevile," Bibi alisema. "Mniko akija hapa anakaa kama gogo. Mwezi mzima hasemi kitu. Wewe unasema uongo, lakini unasema."

Hilda hakujua ashukuru kwa sehemu ipi.

"Sasa niambie ukweli. Kwenye hicho kitabu, yule kijana alikufa?"

"Alikufa, Bibi. Wallahi, kitabu kinaisha pale theluji inapofunika bonde. Hakuna mto, hakuna wavuvi. Tena hakuwa mzuri vile, alikuwa na makovu ya ndui uso mzima."

"Usiape kwa viapo vya watu wengine." Bibi aliketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu, akafikiri. "Basi huyo mwandishi aliondoka mapema. Angesubiri kidogo angemwona akila." Alimsogezea mjukuu wake kamba ya ndama wa kwanza. "Fungua hao. Halafu uanze kunisimulia tangu mwanzo, na huyo wa makovu ya ndui umrudishie makovu yake. Yule wa leo alikuwa mzuri mno, sikumwamini."