Goti Langu na Chumvi ya Dada

Siku niliyojua kwamba dada yangu hasikii tena harufu, maharage yalikuwa yanaungua hatua mbili kutoka alipokaa, naye yuko kwenye kigoda anachambua mboga na kuimba. Mimi nilikuwa uani nafua shati. Moshi ukanifuata mpaka huko. Nikaingia mbio, nikashika sufuria kwa mikono mitupu kama mjinga, nikaibwaga sakafuni.

"Una nini wewe?" akafoka. "Unavamiaje jiko la watu?"

"Dada, maharage yameungua."

"Yameungua wapi? Mbona sija..." Akakatisha. Akaangalia sufuria, akaniangalia mimi, kisha akainuka akafunga mlango.

Ndipo akanieleza. Miezi mitatu nyuma alishikwa na mafua makali, wiki mbili hajiwezi. Mafua yalipoondoka yaliondoka na pua na ulimi wake. Chumvi, sukari, ndimu, vyote kwake vikawa sawa na kutafuna karatasi. Tangu hapo alikuwa anapika kwa mazoea tu. Mikono inakumbuka, macho yanakadiria. Hakumwambia mtu yeyote.

"Na mwanao si nesi?" nikamwuliza. "Mwambie akutafutie dawa."

"Nilimwuliza kwa ujanja, nikasingizia jirani. Akasema wengine hali hiyo inawatoka, wengine wanabaki nayo. Nikimwambia ni mimi, kaka, Jumapili yangu imekwisha."

Jumapili ndiyo ilikuwa kila kitu chake. Toka watoto wake walipoanza kuoa na kuolewa, hakuna Jumapili waliyokula kwingine. Watu kumi na wanne, saa nane mchana, sebule ndogo, viti vya kuazima kwa jirani. Nyama ya mchuzi sufuria kubwa, maharage, wali, viazi vya kukaanga kwa wanaopenda viazi, kabichi kwa wanaosingizia kwamba wanapunguza mwili. Wakigombana katikati ya wiki, Jumapili wanapatanishwa na mchuzi. Lakini Nesi, binti yake mkubwa, alikuwa ameshaanza maneno yake: mama amezeeka, apumzike, chakula kihamie kwake kwenye nyumba yenye nafasi. Alimjua mama mmoja anayepika kwa oda na kupeleka majumbani, chakula kinakuja kwenye trei, kimefunikwa vizuri, unalipa, unakula.

"Wakihamisha sufuria wamenihamisha na mimi," dada akasema. "Nitakuwa bibi wa kuwekewa mto mgongoni. Watanikaribisha, kaka. Kwenye chakula changu mimi, eti karibu mama!"

Mimi nilikuwa nimekuja kwa siku tatu. Maisha yangu yote ni ya siku tatu tatu. Nimepikia wakata miti porini, nimeosha vyombo melini, nimelala stesheni ambazo siku hizi hata treni hazisimami. Kukaa sijui. Lakini nikamwangalia dada amesimama pale na mwiko mkononi kama askari aliyenyang'anywa bunduki, nikamwambia, "Ulimi wangu huu hapa. Uazime."

Tatizo likawa Nesi. Kila Jumapili anafika mapema, anakaa na mama yake jikoni, anakagua. Na dada hajawahi kuambiwa na mtu ongeza hiki punguza kile. Ningetamka neno "chumvi" mara moja tu, siri ingekuwa uchi. Kuonja chungu, hapo sikuwa na shida: sifa yangu ya ulafi ilinitangulia miaka arobaini. Nikidokoa nyama wote wanacheka, "Mjomba huyo!" Shida ilikuwa kutoa taarifa.

Tukakaa chini tukapanga. Nikilalamika kuhusu goti, maana yake chumvi haitoshi. Nikimtaja marehemu shemeji, mume wake, maana yake chumvi imezidi, kwa sababu marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuzidisha kila kitu. Nikilaumu barabara, mchuzi mzito, ongeza maji.

Mpango ulikwenda vizuri ajabu. Jumapili ya kwanza nilichota kijiko cha mchuzi, nikameza, nikashika mguu. "Jamani goti hili litaniua." Dada hata hakugeuka. Mkono ukaenda kwenye kopo la chumvi, ukatupia kidogo, ukakoroga. Nesi yupo pale pale anamenya vitunguu, haoni kitu.

"Mjomba, goti tangu lini?" akauliza.

"Tangu hujazaliwa, mama."

"Njoo hospitali nikupime."

"Likipona nitakosa cha kuzungumza."

Wakala, wakasifia, wakakomba sufuria. Wiki ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tatu marehemu shemeji alitajwa mara moja, dada akatumbukiza viazi viwili mchuzini vinywe chumvi, mambo yakawa sawa. Usiku tulikaa wawili tukacheka mpaka machozi. Siku tatu zangu zilikuwa zimegeuka mwezi, na begi langu liko mvunguni, sijalikumbuka.

Sasa wiki ya tano ikanyesha mvua. Siyo ya mchezo, mvua ya siku mbili mfululizo. Na mimi, nataka muelewe, goti langu linauma kweli. Niliangukia ngazi ya meli ujanani. Kukiwa na baridi linavimba kama andazi.

Asubuhi ile nimeingia jikoni nachechemea. "Goti jamani." Nikavuta kigoda. "Aah, goti." Nesi akanipisha nipite. "Pole Mjomba." Nikamjibu, "Wacha tu mwanangu, leo goti limekataa kabisa." Nikainuka kwenda chooni, nikarudi, nikakaa, nikaguna "goti!" kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia. Mbele yangu dada alikuwa anahangaika na sufuria ya maharage, na mimi kwa maumivu yangu sikuangalia mkono wake unakwenda wapi. Kwenye kopo. Mara nne.

Saa nane tukakaa. Mtoto wake wa kiume, fundi bomba, ndiye aliyetangulia, kwa sababu huwa anatangulia. Akatia kijiko cha maharage mdomoni. Akaacha kutafuna. Akaangalia dari. Akameza kama mtu anayemeza kidonge bila maji, kisha akayatafuta maji. Mke wake akafuata, akakohoa, akajifanya amepaliwa. Nani aseme? Tangu wazaliwe hawajawahi kumkosoa mama yao kwa chakula. Jagi la maji likazunguka meza, likajazwa, likazunguka tena. Fundi bomba akanong'ona, "Leo nitalala nimeshika bomba mdomoni," mke wake akamfinya.

Na dada yangu, maskini, anakula. Anatafuna taratibu, anauliza habari za shule za wajukuu. Akamaliza. Akachukua upawa, akajiongezea maharage.

Nikamwona Nesi ameacha kula. Anauangalia ule upawa.

Walipoondoka dada alinigeukia. "Mara nne, kaka! Mara nne unasema goti!"

"Dada, lilikuwa linauma!"

"Basi na liume siku za kazi! Jumapili limezuiwa!"

Lakini kabla ya kuondoka Nesi alikuwa ameshasema lake mlangoni, anavaa viatu. "Mama, umechoka. Jumapili ijayo tukutane kwangu, yule mama wa oda atatuletea." Dada akamshika mkono, akamwomba Jumapili moja tu, ya mwisho, halafu atakubali lolote. Nesi akafikiri, akasema sawa, moja.

Wiki ile hatukulala tukicheka. Dada alipika kama anayefanya mtihani. Jumapili ilipofika jua liliwaka, goti likatulia, na mimi nilinyamaza kama jiwe isipokuwa pale chungu kilipotaka. Goti mara moja kwenye nyama. Barabara mara moja kwenye maharage. Chakula kikatoka, sisemi kwa sababu ni dada yangu, kikatoka hivi kwamba fundi bomba alifuta sahani kwa kidole mbele za watu. Nikaona tumepona.

Nesi akasema, "Leo chai natengeneza mimi. Mama kaa."

Akaja na sinia, akagawa vikombe mwenyewe, mmoja mmoja. Nilipomwona anampa mama yake kikombe kwa mikono miwili, kisha anakaa kumtazama usoni, nikanusa mtego. Nesi alikuwa haangalii kikombe cha mtu mwingine.

Dada akanywa fundo. "Chai nzuri, mwanangu."

Akanywa la pili. Nesi akashusha pumzi kama mtu aliyepata majibu ya vipimo, na majibu yenyewe mabaya.

Sikuwa na muda wa kufikiri. "Leo," nikasema kwa sauti, "leo nimemkumbuka marehemu shemeji."

Sebule yote ikanigeukia. Dada naye akaniangalia, akashangaa. Chakula kimeshaliwa, marehemu anatafuta nini?

"Nimemkumbuka sana," nikaongeza. "Namwona kama yupo hapa hapa. Kwenye chai."

Dada akakitazama kikombe chake. Nilimwona anaelewa, taratibu, kuanzia nyusi kwenda chini. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo nikiwa peke yangu nalipigia makofi. Aliinua kikombe akakimaliza chote, akakiweka chini, akafuta mdomo kwa kanga.

"Ila mwanangu," akasema kwa upole, "siku nyingine uonje kwanza. Umenitilia chumvi. Nimenywa yote nisikuaibishe mbele ya wifi yako."

Loo! Fundi bomba aliruka kitini. "Nesi hajui chumvi na sukari! Na sindano anachoma watu huyu!" Wifi yake akacheka mpaka akatoka nje. Wajukuu wakaja kulamba kikombe kuhakikisha, wakatema, wakashangilia. Nesi alikaa katikati ya kicheko kile amekunja mikono, hacheki, hakasiriki. Ananitazama mimi.

Alitukuta jikoni, mimi na dada tunaosha vyombo. Akafunga mlango.

"Mjomba," akasema, "baba amefanya nini kwenye chai?"

"Nilimkumbuka tu, mwanangu."

"Mwezi uliopita ulimkumbuka, mama akaweka viazi kwenye mchuzi. Wiki iliyopita goti mara nne, maharage yakawa bahari. Leo barabara mbovu, mama akaongeza maji. Mjomba, hiyo barabara umeipita lini? Hujatoka nyumba hii wiki sita."

Nikaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Dada akaweka sahani chini. Nilitegemea atatafuta uongo mwingine, maana ana kipaji, lakini alichoka ghafla, akakaa kwenye kigoda.

"Tangu yale mafua," akasema. "Sisikii kitu. Haya, chukua sufuria upeleke kwako."

Nesi hakuchukua. "Na gesi, mama? Ukiiacha wazi usiku utajuaje? Na maziwa yakiharibika? Unadhani mimi nagombania sufuria?"

"Wewe hugombanii. Mimi ndiye ninayegombania. Mnakuja hapa kwa sababu ya chakula. Kikiondoka mtakuja kwa sababu ya adabu. Adabu inakuja mara mbili kwa mwaka, na haikai."

Nesi aligeuka akafunga mtungi wa gesi. Alipogeuka tena macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ni ile ile ya wodini. "Gesi inauzwa kesho, unanunua jiko la umeme. Maziwa nakagua mimi. Jumapili nafika saa tatu na naonja mimi. Mjomba ni mwongo na goti lake halitabiriki."

"Wewe uonje?" Dada akainuka. "Wewe unayepikia watu chakula cha wagonjwa?"

"Ndiyo, mimi."

"Hunipangii chumvi!"

"Nitakupangia!"

Jumapili iliyofuata nilikatazwa jikoni. Nikakaa sebuleni na wengine kama mgeni, mikono sijui niiweke wapi. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu. Haijawahi kutokea. Kutoka jikoni zikaja kelele: nyanya zimezidi, hazijazidi, mama onja, nionje nini na ulimi gani, basi niamini mimi, nikuamini tangu lini, mwiko ukagonga sufuria. Watoto wakaanza kulilia mkate. Fundi bomba akanisogelea, uso umemsawajika kwa njaa.

"Mjomba, kuna nini huko? Nyumba inahamishwa?"

Nikasikiliza kidogo. Sauti ya Nesi ilikuwa imeshuka, ya mama yake bado iko juu, halafu Nesi anasema, "Haya mama, weka unavyotaka wewe."

"Tulia, mwanangu," nikamwambia. "Haihamishwi."