Ukimya wa Sebule ya Mama

Kazi ya Bi Swali ilikuwa kuwauliza watu mambo wasiyopenda kuulizwa. Jina hilo alipachikwa na wenzake wa kituo cha redio ya umma, naye aliliitikia bila kinyongo. Kipindi chake, Rangi na Asili, kilikwenda hewani kila Alhamisi jioni, kisha kikawekwa mtandaoni kama podikasti kwa waliokikosa. Kwa miaka sita alikuwa amewakalisha watu wa kila aina mbele ya kipaza sauti: mwenye nyumba anayechagua wapangaji kwa rangi ya ngozi, mwalimu mkuu aliyemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya nywele zake za kuzaliwa, kijana anayeulizwa kila siku "kwenu hasa ni wapi?" katika mtaa aliozaliwa. Hakumwogopa hata mmoja. Duniani humu alimwogopa mama yake mzazi tu.

Na mama yake alikuwa amegoma. Harusi ya Bi Swali ilibakiza wiki mbili, kadi zilishachapwa, na mama wa bibi harusi alishatangaza kwamba hakanyagi.

Chanzo kilikuwa kopo la poda. Mama mkwe mtarajiwa, fundi cherehani mwenye ngozi nyeupe kama ukoo wake wote, alimtumia bibi harusi poda ya kujipaka siku yenyewe. Poda nzuri, ya bei mbaya, kwenye kopo la rangi ya dhahabu. Ilikuwa na kasoro moja tu: ilikuwa ya rangi ya mama mkwe mwenyewe. Bi Swali, ambaye ni mweusi wa kung'aa, alijipaka kidogo shavuni akaonekana kama mtu aliyeangukia gunia la unga. Yeye alicheka. Mama yake, muuguzi mstaafu, hakucheka hata kidogo.

"Kumbe! Wanamtaka binti yangu, ila wangependa kumpaka chokaa kwanza. Basi wakupake wao, na wakuoze wao!"

Mhariri wa kipindi, bwana mmoja mnene ambaye masikio yake hayakusamehe kosa, alipozipata habari hizo hakutoa pole. Aligonga meza kwa furaha.

"Mji mzima umeshauhoji, umebakiza kwenu. Kipindi kijacho kiko kwa mama yako."

"Bosi, unataka nife?"

"Nataka urudi na ukimya safi. Wiki iliyopita ulisahau."

Maana redio ina mambo yake. Kila chumba kina ukimya wake: huku feni, kule mabati yanayotanuka kwa jua. Ukikata neno kwenye mazungumzo, pengo linalobaki huzibwa kwa ukimya wa chumba kilekile, la sivyo msikilizaji anasikia shimo. Ndiyo sababu, mahojiano yakiisha, watu wote hukaa kimya dakika nzima na kinasa sauti kikiendelea.

Kuwakutanisha mama wawili hao hakukuhitaji ujanja mwingi. Bi Swali alimwambia kila mmoja kwamba ni kazi. Mama yake hakuwahi kuchelewa zamu kwa miaka thelathini na mitano. "Kama ni kazi, sawa," alisema. "Kama ni mambo ya harusi, sina nafasi."

Jumamosi mchana sebule ya mama ikageuzwa studio. Bi Swali alichomoa waya wa friji, akaitoa saa ya ukutani betri, akafunga madirisha. Mchumba wake, aliyemleta mama mkwe, alifukuzwa akakae garini kwa sababu ana tabia ya kuvunja vidole, na vidole vyake vinalia kama kuni kavu. Mama wawili wakakaa ncha mbili za kochi refu, mto mmoja mkubwa katikati.

Mahojiano yalikuwa ovyo. Kila mmoja alisema maneno yaliyofuliwa yakapigwa pasi.

"Kwetu binadamu ni binadamu," alisema mama mkwe.

"Mimi nimewadunga sindano watu wa kila rangi," alisema mama. "Wote wanalia vilevile."

Dakika arobaini za adabu tupu. Kila Bi Swali alipotaka kutaja poda, ulimi ulimganda. Yeye, aliyewabana mawaziri! Mwishowe akakata tamaa, akaomba ile dakika ya kufunga kazi.

"Sasa tukae kimya dakika moja. Tusiongee, tusisogee. Tayari?"

Sekunde ya kumi na mbili mama yake akatoa "mhh" ndefu ya puani, ile ambayo Bi Swali aliifahamu tangu utotoni.

"Mama!"

"Nimefanya nini? Nimepumua."

"Umeguna."

"Nimepumua kwa nguvu. Anza tena."

Mara ya pili mama mkwe alijisogeza kidogo, na bangili zake saba zikapiga kelele kama sinia la vijiko. Mama alizinyooshea kidevu. Mama mkwe akaanza kuzivua kwa haraka na aibu, lakini joto lilikuwa limemvimbisha mkono na bangili zikagoma kwenye fundo. Akavuta, akakunja uso.

Sasa, mtu aliyeuguza maisha yake yote hawezi kukaa anatazama mwenzake akiumia. Mama aliuondoa mto, akasogea, akaushika ule mkono. "Legeza vidole. Usishindane nayo." Akaubonyeza taratibu kwa dole gumba, bangili ya kwanza ikatoka. Ya pili. Ya tatu. Mkono mweusi na mkono mweupe ilikuwa juu ya goti moja, na mama mkwe akawa anaitazama ile mikono kama mtu anayesoma barua. Akafungua mdomo.

"Kimya," mama akamwambia. "Mtoto anarekodi."

Mara ya tatu ilikwenda vizuri. Sekunde ishirini. Thelathini. Bi Swali alibana pumzi; chumba kilikuwa kimya safi kabisa, mhariri angelia kwa raha. Sekunde ya arobaini tumbo lake lilinguruma. Halikunguruma kidogo, lilinguruma kwa kirefu, likapanda, likashuka, likamalizia na kiulizo.

"Hujala?" walifoka mama wote wawili kwa pamoja.

"Nili... nilikuwa na haraka..."

"Tangu asubuhi?" akadakia mama mkwe. "Na huyo mwanangu anakuendesha mjini hujala! Ngoja nimfuate huko garini."

"Huyu ndivyo alivyo tangu shule. Usimlaumu kijana wako."

"Nitamlaumu! Wiki mbili kabla ya harusi, amekonda hivi, wewe humwoni, dada yangu?"

"Ninamwona sana. Nimesema mpaka nimechoka!"

Wakatazamana. Ndipo wakasikia walivyokuwa wakimgombeza mtoto mmoja. Mama ndiye aliyeanza kucheka, mabega kwanza, kisha mwili mzima, na mama mkwe akamwegemea akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Bi Swali naye alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Kicheko kilipotulia, mama mkwe alisema kwa sauti ndogo, "Dada. Ile poda."

Taa nyekundu ya kinasa sauti ilikuwa bado inawaka. Miaka sita Bi Swali alikuwa amewinda dakika kama hiyo. Alimtazama mama yake: uso mtupu, bila kinga, ameumia na anangoja. Akanyoosha kidole akaizima mashine.

Yaliyofuata msikilizaji wa redio hakuyasikia. Tunayajua sisi tu.

"Dukani nilinyoosha mkono wangu mwenyewe, wakanipimia poda juu yake," alisema mama mkwe. "Miaka miwili huyu mtoto anaingia kwangu, anakula kwangu. Na siku nilipotakiwa kuikumbuka sura yake, nilikumbuka yangu."

Mama alikaa kimya muda mrefu kuliko dakika yoyote ya redio.

"Nilidhani mnamwonea aibu," alisema.

"Aibu ni yangu mimi."

"Mhh," alisema mama, na safari hii ilikuwa pumzi kweli. "Haya. Washeni friji, tumlishe huyu."

Jumatatu mhariri alisikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni taratibu.

"Humu hakuna ukimya hata wa kuzibia koma. Nitakata wapi?"

"Usikate, bosi. Zirushe zile dakika zote tatu za ukimya kama zilivyo."

"Na hapa, baada ya kicheko? Mbona inaishia njiani?"

"Niliizima."

"Wewe! Uliizima!" Alimtolea macho kama aliyesikia msiba. "Walisema nini?"

Bi Swali, ambaye hakuwahi kumruhusu mtu kukwepa swali, alitabasamu mpaka masikioni. Furaha ilikuwa imemjaa hata haikumwachia nafasi ya kujibu sawasawa.

"Njoo harusini uwaulize mwenyewe," alisema. "Viti anapanga mama yangu. Ameshajiandikia chake."